Bedsita nane Kiamunyi: pesa inayofika mkononi

Keti na mtu yeyote wa Nakuru mwenye ploti ya futi 50 kwa 100, na chai haitapoa kabla hajakupigia hesabu. Bedsita nane, kila moja 6,500, hiyo ni 52,000 kwa mwezi. Mara miezi 12, ni 624,000. "Huo ni mshahara kamili," atakuambia, na tayari analiona jengo limesimama, limepakwa rangi, kamba za nguo zimejaa. Hesabu hiyo nimeisikia kwa walimu, kwa wauguzi, kwa askari wa kambi ya Lanet wanaokaribia kustaafu, na kwa kina mama wa chama waliochanga wakanunua ploti pamoja huko Mawanga. Kuzidisha kwao hakuna kosa. Shida iko kwenye yale yasiyoandikwa kwenye karatasi.

Kazi yangu ni kushika daftari la nyumba za watu. Mwenye nyumba anaishi Eldoret au ng'ambo, au yuko hapa hapa mjini lakini hataki kuvutana na wapangaji. Mimi nakusanya kodi, namlipa keyateka, yaani mlinzi na mtunza ploti, namwita fundi wa bomba, napeleka ushuru, kisha mwisho wa mwezi namtumia kilichobaki. Kwa hiyo naona kila mwezi kile ambacho mwenye ploti hakioni kabla ya kujenga, yaani umbali ulioko kati ya kodi aliyoiwaza na pesa inayofika mkononi. Naandika haya kwa sababu watu hawa ndio wanaoupa mji huu mahali pa kulala, na wengi wao wanaingia kwenye mjengo na kiinua mgongo chote bila mtu wa kuwaonyesha daftari lilivyo.

Si maneno matupu kusema wao ndio wanaoupa mji mahali pa kulala. Sensa ya 2019 iliikuta Nakuru na watu zaidi ya 570,000, na Desemba 2021 ikatawazwa kuwa jiji. Kote mijini Kenya, karibu familia nne kati ya tano zinaishi kwenye nyumba za kupanga. Sasa tembea Nakuru uulize nani alizijenga. Kuna mitaa ya zamani ya manispaa kama Flamingo, Kivumbini na Shauri Yako, nyumba za enzi ambapo mji ulikuwa wa reli na wa wakulima wazungu. Kuna mradi mpya wa serikali pale Bondeni, nyumba 605, wa watu wanaonunua. Ukitoa hizo, karibu kila kinachobaki, kuanzia Free Area hadi Pipeline, Kiamunyi hadi Barnabas, Kaptembwo hadi Rhonda, kimejengwa na mtu mmoja mmoja, ploti moja moja, mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kujenga kitu kingine maishani.

Basi tuifungue hesabu ya bedsita nane. Bei hizi ni za mfano, lakini hazitofautiani sana na zinazopita mikononi mwangu. Ploti upande wa Kiamunyi, 1,800,000. Bedsita nane za mawe ya mashine, za chini bila ghorofa, kila moja na choo na bafu ndani, sinki ya jikoni kwenye kona, vigae chini na mabati juu, tuseme 600,000 kwa moja. Hiyo ni 4,800,000. Halafu yanafuata yale ambayo mtu huyakumbuka fundi akiwa tayari amefika kwenye mkanda, ile boriti ya zege juu ya kuta: ramani za msanifu na za mhandisi, ada za kaunti, kusajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, septiki, tangi la maji na mnara wake, mita za umeme, ukuta na geti. Weka 700,000 na uombe isizidi. Jumla inafika 7,300,000.

Upande wa mapato, anza na zile 624,000. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, na huo ni mwaka mzuri, umepoteza 52,000 na umebaki na 572,000. Ushuru wa kodi ya nyumba ni 42,900. Keyateka, mzoa taka, taa za nje na umeme wa pampu, 8,000 kwa mwezi, ni 96,000. Matengenezo: kufuli, mabomba, rangi kila mpangaji anapohama, paa lililovuja, tuseme 50,000. Ada ya ardhi ya kaunti na bima kidogo, 8,000. Kinachobaki ni 375,100 kwa mwaka, kama 31,250 kwa mwezi. Na hapo sijaweka malipo ya mtu kama mimi.

Linganisha 31,250 na zile 52,000 za kwenye chai.

Gawanya sasa. Pesa iliyoingia kwenye mjengo ni 7,300,000 na inayorudi ni 375,100. Ni shilingi 5 na senti 14 kwa kila shilingi 100 kwa mwaka. Mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60 atarudisha pesa yake baada ya miaka 19 na nusu, kodi isipopanda, na hiyo ni kuanzia siku mpangaji wa kwanza alipoingia, si siku jiwe la kwanza liliposhushwa kwenye lori. Februari 2024 serikali iliuza hati ya dhamana (bondi) ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa ushuru. Mtu mwenye 7,300,000 siku hiyo angepata zaidi ya 1,340,000 kwa mwaka akiwa ameketi nyumbani, bila kuamshwa usiku kuambiwa choo kimeziba. Huo ulikuwa wakati wa riba za juu kupita kawaida, na zimeshuka sana tangu hapo. Lakini hata ukipata asilimia 10 peke yake, ni 730,000, karibu mara mbili ya zile bedsita.

Mbona basi watu wanajenga? Wapo wanaosema ni ujinga, kwamba Mkenya anapenda mawe kuliko akili. Sikubaliani nao hata kidogo. Wengi ninaowashikia daftari hawakununua ploti kwa bei ya leo. Walirithi, au walinunua wakati Kiamunyi bado ilikuwa mahindi. Ukitoa bei ya ploti, faida inapanda hadi karibu asilimia 7. Kodi hupanda na miaka, hata kama si kila mwaka, ilhali hati ya dhamana ikiiva unarudishiwa shilingi zile zile na bei ya unga imeshabadilika. Na kuna jambo ambalo kikokotoo hakilioni: pesa iliyo kwenye akaunti huitwa na kila shida ya ukoo. Karo ya mpwa, harambee ya hospitali, matanga. Jengo haliwezi kukatwa kipande kimoja likapelekwa harambee. Mjane anayejua hilo anajua uchumi vizuri kuliko anayemcheka.

Kwa hiyo mimi simwambii mtu asijenge. Ninachomwambia ni kwamba kinachovunja hesabu ya mjengo mdogo si mawe wala simiti. Ni muda. Muda wa mkopo, na muda ambao jengo linakaa bila mpangaji.

Chukua mkopo kwanza, kwa maana hapo ndipo nimeona machozi. Mtu ana ploti na akiba, amepungukiwa na 3,000,000. Sacco yake inampa mara tatu ya akiba yake, kwa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, alipe kwa miezi 72. Riba hiyo si mbaya. Benki ingemtoza zaidi. Lakini malipo ya kila mwezi yanafika 58,650. Rudi uangalie kodi. Vyumba vyote vinane vikijaa, kila mpangaji akilipa tarehe tano bila kukumbushwa, bila ushuru, bila keyateka, bila balbu moja kuungua, zinaingia 52,000. Mkopo unazidi kodi yote. Ukitazama pesa inayofika mkononi hasa, zile 31,250, mwenye nyumba anatakiwa atafute 27,400 nyingine kila mwezi kutoka kwenye mshahara au pensheni, kwa miaka sita, ili amiliki jengo ambalo aliambiwa litamlipa mshahara.

Sasa usiguse riba hata senti. Acha asilimia ile ile 12 kwa mwaka, ubadilishe muda tu: badala ya miaka 6, iwe 20. Malipo yanashuka hadi 33,030 kwa mwezi. Yapeleke miaka 30, yanakuwa 30,860, na jengo linajilipa lenyewe kwa mara ya kwanza, hata kama kinachobaki ni nauli ya matatu. Ni kweli kwamba kwa miaka 20 mtu atakuwa amelipa jumla karibu 7,930,000 badala ya 4,220,000. Ni pesa nyingi. Lakini kodi ya mwaka wa 15 si kodi ya mwaka wa kwanza, na malipo ya mkopo yamebaki pale pale.

Marekani jambo hili walilitatua zamani kwa njia ambayo huwa naifikiria sana. Jengo la nyumba mbili, tatu au nne linahesabiwa kuwa makazi, si biashara. Mtu anayeishi kwenye mojawapo anaweza kulichukulia mkopo wa kawaida wa nyumba, miaka 30, riba isiyobadilika, na kukiwa na bima ya shirika la serikali liitwalo FHA anaweza kuanza na asilimia 3.5 ya bei. Ikifika nyumba ya tano, ndipo anapohesabiwa mfanyabiashara. Yaani nchi iliamua kwamba familia inayoishi chini na kupangisha juu ni familia, na ikaipa muda wa familia. Kwetu mikopo ya nyumba ya kila aina ilikuwa kama 30,000 nchi nzima kufikia mwisho wa 2023, na ile nafuu inayopitia Kampuni ya Kenya ya Kufadhili Upya Mikopo ya Nyumba, KMRC, imekusudiwa anayepata nyumba ya kuishi mwenyewe. Mama wa Mawanga anayetaka kuishi chumba cha mbele na kupangisha saba vya nyuma hana dirisha la kubisha. Anaenda Sacco, anapewa miaka sita.

Asiyekopa naye hulipa kwa njia nyingine. Hujenga pole pole, mshahara kwa mshahara. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati Mungu akipenda. Zunguka Ngachura au nyuma ya Barnabas uone kuta zilizofika kwenye mkanda na majani yamepanda hadi dirishani, vyuma vimechomoza juu vikiwa na kutu, mvua mbili tatu zimeshapita. Hakuna anayelipa riba pale, kwa hiyo mwenye jengo anadhani hapotezi. Lakini kila mwezi bedsita nane hazijaisha, 31,250 hazijaingia. Miaka mitatu ya kusubiri ni zaidi ya 1,120,000. Ni karibu bedsita mbili nzima zilizoliwa na majani.

Ndiyo maana, mtu akinisikiliza, huwa nashikilia jambo moja kwa ukali: usianze vyumba nane. Anza vile unavyoweza kumaliza hadi kitasa cha mlango. Vyumba vinne vyenye maji, umeme na funguo vinalipa kodi. Vyumba vinane visivyo na milango havilipi kitu. Mafundi wengi hawatakuambia hivyo, kwa sababu fundi hulipwa akijenga, na msingi mrefu ni kazi nyingi. Simlaumu, naye ana watoto. Lakini hatakuwepo siku ya kutafuta pesa za plasta.

Kuna wanaosema jibu ni ghorofa. Ploti ikigawanywa kwa vyumba 24 inakuwa rahisi kwa kila chumba, na hilo ni kweli. Ila slabu, nguzo na ngazi zinakula vyuma na simiti kuliko mtu anavyotarajia, na chini yetu hapa Nakuru si ardhi ya kuchezea. Tumekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, Menengai ikitutazama kutoka juu, kwenye udongo wa majivu ya volkano ambao mvua kubwa ikinyesha hufunguka mashimo na nyufa mahali palipokuwa shwari jana. Mhandisi anayepima udongo kabla ya ghorofa si gharama ya kukwepa. Na anayejenga msingi wa ghorofa tatu kisha akaishia chini, "nitaendelea nikipata", amezika ardhini pesa ambazo hazitaleta kodi maisha yake yote. Nimeshika madaftari ya majengo ya namna hiyo. Kodi ni ile ile ya jirani aliyejenga msingi wa kawaida.

Kisha maji. Kama kuna kitu kimoja kinachoamua chumba kitakaa wazi wiki moja au miezi mitatu, ni maji. Mpangaji atavumilia barabara ya vumbi. Atavumilia kelele za matatu. Mama mwenye mtoto mchanga hatavumilia kununua mtungi kila siku kwa mkokoteni. Sehemu nyingi za mji maji ya bomba huja kwa zamu, na ukichimba kisima unakutana na floridi, ile inayobadilisha meno ya watoto wetu rangi, ambayo watu wa bonde hili wanaijua tangu zamani. Kwa hiyo tangi si pambo. Mwenye nyumba mmoja ninayemshikia alinunua tangi dogo ili aokoe pesa. Kila kiangazi analazimika kuagiza bauza, lori la maji, na jirani yake mwenye tangi kubwa na mifereji ya kuvuna maji ya mvua kwenye paa hana chumba wazi. Tofauti ya bei ya matangi hayo mawili ilikuwa chini ya kodi ya vyumba vyote kwa miezi miwili.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Chukua ploti ile ile ya 50 kwa 100, uipeleke Kaptembwo. Badala ya bedsita nane, jenga vyumba 20 vya futi 10 kwa 10, vyoo vichache vya pamoja kwenye kona na bomba moja uani. Kwa 180,000 kila chumba, umetumia 3,600,000. Pangisha kwa 2,800. Hiyo ni 56,000 kwa mwezi, zaidi ya bedsita nane zilizogharimu 4,800,000. Familia ya watu watano inaishi pale ndani, inapika pale ndani, watoto wanasomea kitandani, na kwa kila shilingi aliyoweka mwenye ploti anapata faida kubwa kuliko yule aliyejenga choo ndani ya kila nyumba. Hesabu ya soko inamtuza anayempa mtu nafasi ndogo na choo kibaya. Hili halitatuliwi kwa kuwatukana wenye ploti wa Kaptembwo. Wengi wao wanaishi mle mle uani, wanatumia choo kile kile.

Tena wameshaonyesha kwamba wakipata mkono wanabadilika. Mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalifanya kazi Kaptembwo na Rhonda na wapangaji pamoja na wenye nyumba kuhusu usafi, na wenye nyumba wakafunguliwa njia ya kukopa ili wajenge vyoo bora mahali pa vile vya shimo vilivyokuwa vikititia kwenye udongo ule mwepesi. Watu waliojulikana kama wanyonyaji walikopa wakajenga vyoo. Ninaposema muda na mkopo ndivyo vinavyoamua, ndicho ninachomaanisha. Mkopo wa kumfaa mtu mwenye vyumba 12 unabadilisha maisha ya watu 50.

Sheria nayo imelala. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, pamoja na mahakama yake maalum, inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Chumba chetu cha 2,800 kimeshatoka nje ya ulinzi huo, na chumba hicho ni cha mtu wa kipato cha chini kabisa. Mpangaji hana pa kwenda upesi, na mwenye nyumba ambaye mpangaji wake ana malimbikizo ya miezi minne naye hana pa kwenda upesi. Wote wawili wanaishia kwa chifu, au kwa kufuli.

Kuhusu ushuru nitasema wazi, kwa kuwa watu huniuliza kwa kunong'ona kana kwamba ni siri. Kodi ya nyumba za kuishi ikiwa kati ya 288,000 na 15,000,000 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ulipoanza Januari 2016 ulikuwa asilimia 10. Ukashushwa Januari 2024. Ni rahisi, naulipa kwa simu. Ubaya wake ni kwamba unakatwa kwenye kodi yote, si kwenye faida. Yule aliyekopa 3,000,000, anayetoa 27,400 mfukoni kila mwezi ili jengo lisimame, bado analipa 42,900 kwa mwaka kana kwamba amefaidi. Sheria inamruhusu aandike kuomba atozwe kwa njia ya kawaida, aondoe riba na matengenezo kwanza. Wachache sana wanajua. Mwenye mkopo mkubwa anapaswa kumwona mhasibu kabla ya kitu kingine chochote, na ada ya mhasibu itajilipa mwaka ule ule.

Ningekuwa na sauti kwenye kaunti au wizara, ningeomba vitu vichache. Mkopo wa miaka 20 kwa anayejenga hadi vyumba 12 na kuishi kimoja. Idhini ya ramani inayokubali ujenzi wa awamu, ili mtu amalize safu moja kihalali, aipangishe, ndipo aende ya pili. Bomba la maji kufika kabla ya nyumba. Hakuna kati ya hayo linalohitaji serikali ijenge ukuta hata mmoja.

Mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwangu na karatasi yake ya bedsita nane. Ploti alikuwa nayo tangu akifundisha Njoro. Kiinua mgongo kilikuwa 3,200,000, na fundi alishamwambia akope 2,500,000 juu yake. Tulikaa mezani mchana kutwa.

"Mwanangu, wewe unanivunja moyo," alisema nilipofika kwenye malipo ya mkopo.

"Mwalimu, sikuvunji moyo. Naomba tu uanze na safu moja."

Alinyamaza, akachukua kalamu yangu, akaanza kupiga hesabu mwenyewe upya, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha mtihani. Vyumba vinne, 2,400,000. Septiki, tangi, ramani na umeme, 500,000. Bila mkopo, na 300,000 zimebaki benki kwa ajili ya shida. Kwa kuwa anaishi jirani na atakuwa keyateka mwenyewe, akitoa mwezi mmoja wa vyumba wazi, taka na matengenezo, anabaki na zaidi ya 17,000 kwa mwezi, asilimia 7 na ushei ya pesa aliyoweka. Septiki tukakubaliana ichimbwe ya vyumba vinane tangu mwanzo, maana kuchimba ya pili baadaye ni kulipa mara mbili.

Safu ya pili tuliiandika chini ya ukurasa. Hataianza mpaka ya kwanza iwe imejaa mwaka mzima na akiba ya kodi yake iko Sacco. Wakati huo, mkopo ukihitajika, mwisho wake ni 1,000,000, ambao kwa miezi 72 ni 19,550 kwa mwezi. Safu zote mbili zitakuwa zikimletea karibu 35,000. Msingi wa safu ya kwanza umeshamwagwa, na amemwambia fundi asilete mawe mengine hadi ya kwanza yaishe.